Vitone vya Jumapili Kihesa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Leo nimepewa ubao! Bosi Ombeni amenitoa kwenye simu za malalamiko. Kuanzia sasa kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini na kutazama watu wanavyotumia app yetu, papo hapo, wakati wenyewe hawajui kama kuna mtu huku Uyole, Mbeya, anawatazama. App inaitwa Jirani. Ukinunua kitu — viazi, mayai, kabichi — unaandika umenunua nini, wapi, kwa bei gani. Basi wenzako wa mji huo wanaona bei ya siku. Ukiweka bei tano, una haki ya kuomba vocha.

Mtu akifungua app kule Tukuyu, kitone cha kijani kinawaka Tukuyu. Pembeni mstari unajiandika wenyewe: Mtumiaji 2208 amefungua. Ametafuta viazi. Ametoka. Majina hatuyaoni, namba za simu hatuzioni. Ni hizo namba za app tu. Chai yangu imepoa mezani tangu asubuhi. Kuna mtu wa Tunduma leo katafuta bei ya vitunguu tena na tena mpaka nikamhurumia. Ana shughuli nyumbani? Ana gunia linamwozea? Mama husema nilizaliwa nikichungulia. Sasa nalipwa kwa hilo!

Kabla ya kutoka nikarudisha ubao nyuma kuona wikiendi ilikuwaje. Jumapili mchana, Iringa, pale Kihesa: vitone kama kumi hivi, vyote mahali pamoja, vyote vinaweka bei. Halafu kimya. Jumapili ya kabla yake, vilevile. Katikati ya wiki — hata kimoja! Nini hiki?

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimemuuliza bosi. Hata hakugeuza kiti. Kasema dada Saida, huo ni wizi wa kawaida: mtu mmoja ana laini kumi, kakaa nyuma ya ukuta anaandika uongo, anakula vocha. Au ni roboti. Akataka azifunge namba zote leo leo.

Nikamwomba asubiri kidogo. Kwa nini? Sijui. Nilitaka niwaone wakiwaka kwa macho yangu, siyo kwenye kumbukumbu.

Halafu nikaangalia upande wa vocha. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba. Hata vocha moja! Wana haki nayo tangu mwezi wa tatu, imelala tu. Mwizi gani anavunja mlango halafu haingii ndani? Nimerudi nyumbani nikiwaza hilo mpaka nikapitiliza kituo.

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimewaona! Nilikuwa na laptop mapajani, sahani ya wali pembeni, baba akinikata jicho. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

Wa kwanza Mtumiaji 4417. Amefungua. Amechagua "Gulioni". Mayai, trei moja. Ameweka bei. Dakika haijaisha, mwingine: mayai, trei moja, bei juu zaidi. Mwingine tena: trei moja, juu zaidi! Halafu jogoo. Boga. Kabichi. Trei tena. Bei inapanda mbele ya macho yangu! Nikapiga kelele kama nimeona goli.

Kaka Adamu akaja kuinama begani kwangu. Kaka yangu huyu yuko kaunta ya duka la vitenge la baba, Mwanjelwa, tangu amalize shule. Anapima vitambaa, baba anapima tena nyuma yake. Kitu pekee anachokitaka duniani ni biashara yake mwenyewe. Akauliza, Iringa wanagombania mayai? Mbeya hapa trei zinalala.

Nikamjibu kwa maringo, jamani, maringo yangu: "Kaka, ubao haukisii. Unaonyesha yanayotokea."

Baba akakohoa. Ule wali nimeula wa baridi.

Jumanne, 20 Mei 2025

Adamu katokea ofisini. Eti kaniletea chapati! Toka lini? Alisimama nyuma yangu akila mwenyewe hizo chapati. Mshale wa mayai Iringa unatazama juu, wa Mbeya unatazama chini. Akapiga mluzi. Akaniambia nimkuzie ramani pale Kihesa, akataka kujua hilo gulio lina ukubwa gani, linaanza saa ngapi. Nikamwambia saa sita na kitu, Jumapili. Ndivyo ubao unavyosema.

Ukweli ni kwamba sikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa namfikiria 4417. Huwa wa kwanza kufungua na wa mwisho kutoka. Wenzake wakishazimika wote, yeye anabaki kidogo, anatafuta bei ya chumvi, anatoka. Nimeamua ni mwanamke. Chumvi imeisha nyumbani.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Nyumbani hapakaliki. Adamu kauza pikipiki yake! Anakusanya trei za mayai kwa wafugaji wa Uyole na Igawilo. Ananunua majani makavu ya kuzuia yasigongane.

Baada ya swala ya Ijumaa baba alimwita sebuleni, akamwambia hadharani, sote tunasikia. Nenda ukafanye lako, sikuzuii. Likifa, utarudi kaunta, na habari ya biashara yako sitaki kuisikia tena ndani ya nyumba hii. Adamu akasema sawa, baba. Sauti ilikuwa ndogo lakini macho yanacheka.

Nina furaha kwa ajili yake. Nina wasiwasi pia. Bosi anaamini ni roboti, na mimi ndiye niliyesema ubao haukisii. Nimemwambia Adamu kuhusu hilo la roboti. Kanijibu roboti hali mayai!

Jumapili, 25 Mei 2025

Wamewaka tena. Zaidi ya wiki iliyopita!

Leo kuna kitu kimenifanya nisimame. 4417 aliweka bei ya boga. Akaifuta. Akaiandika upya, pungufu ya ile ya kwanza kwa shilingi mia mbili. Mia mbili tu! Mwongo gani anasahihisha mia mbili? Huyu mtu anaandika ukweli. Naapa, anaandika ukweli. Lakini ukweli wa wapi, ambao upo Jumapili mchana tu, halafu unatoweka mpaka wiki ijayo?

Jumatano, 28 Mei 2025

Wageni wanaofadhili mradi wetu wanakuja wiki ijayo. Bosi anataka ubao msafi. Jumatatu anazifunga zile namba za Kihesa, zote, na bei zao zinafutwa. Nikamweleza habari ya mia mbili. Akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia niende Kihesa mwenyewe nikaone. Akasema nenda, wikiendi ni yako, lakini Jumatatu nafunga.

Adamu kakodi lori dogo, Kenta, kwa ajili ya Jumapili. Anatoka Uyole alfajiri ili saa saba awe Kihesa, gulio likiwa limechangamka. Kwa hiyo siku moja, mahali pamoja, mimi nitakuwa natafuta watu na yeye atakuwa anatafuta wateja, na ni walewale.

Jumamosi, 31 Mei 2025

Iringa. Nipo kwa mama mdogo Jaha, mdogo wake mama, Kihesa hapahapa.

Njiani basi lilisimama Nyololo, nikanunua mahindi ya kuchemsha. Nikaweka bei kwenye Jirani, kisha nikafungua ubao kwenye simu — kitone kimewaka Nyololo! Mtumiaji 0012. Ndiyo mimi huyo. Ni ajabu kujiona hivyo, kitone kwenye barabara kuu, hindi moja, amefungua, ametoka. Nani angejua kwamba nilikuwa nasikia baridi na nina hofu?

Baada ya salamu tu nikamuuliza mama mdogo, gulio la Jumapili liko upande gani.

"Gulio gani?"

"La Kihesa. La mayai."

"Wewe! Hapa Jumapili hata mchicha unautafuta kwa tochi. Watu wote kanisani. Mi mwenyewe nafunga genge, nitamuuzia nani?"

Nikampigia Adamu palepale. Nikamwambia hakuna gulio, Kaka, usipakie. Akasema ameshapakia, dereva ameshalala. Nikamwambia mama mdogo anaishi hapa miaka yote na hajawahi kuliona. Akanirudishia maneno yangu, yaleyale, taratibu, kama anapima kitambaa:

"Ubao haukisii, Saida. Unaonyesha yanayotokea. Si ulisema?"

Akakata. Nimepiga tena, haipatikani. Ana tabia hiyo, akishaamua jambo anazima simu. Nimejikasirikia mpaka chakula cha mama mdogo kimenishinda, naye kaniambia nimekonda kwa ajili ya kompyuta.

Jumapili, 1 Juni 2025

Naandika kwenye simu, daftari nimeliacha kwa mama mdogo. Adamu bado hapatikani. Nimekuza ramani mpaka mwisho na kumwonyesha mama mdogo pale vitone vinapowaka. Akavaa miwani. Akasema lo, hapo si kwa Walutheri? Nyuma ya shule. Akauliza kama nitaenda kanisani hivihivi, mtoto wa Kiislamu. Nimejifunga mtandio wangu wa bluu nikaja hivihivi.

Nimekaa kwenye ukingo wa maua, nje ya kanisa. Ndani wanaimba. Ubao hauna kitu Kihesa, giza tupu. Kwenye nyasi kuna vitu vimepangwa: maboga, mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, kabichi, jogoo wamefungwa miguu. Na trei za mayai. Mbili, siyo zaidi! Muuzaji hayupo. Hakuna hata mtu anayevilinda. Mlangoni kuna tangazo la kitambaa: leo ni sikukuu ya mavuno.

Wametoka! Watu wengi, wamevaa wakapendeza, wanavizunguka vile vitu. Mama mmoja wa makamo, kitenge cha kwaya, simu inaning'inia shingoni, kaja moja kwa moja kwangu akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Mgeni wetu? Karibu, karibu. Mbona umekaa peke yako huko?"

Anaitwa mama Apolonia, kiongozi wa akina mama hapa. Nikamwambia natoka Mbeya, nafanya kazi kwenye app ya Jirani. Jamani, alinikumbatia! Akawaita wenzake, njooni mwone, huyu ndo wa Jirani! Wote wakatoa simu kunionyesha. Nikamwomba nione ukurasa wake. Mtumiaji 4417.

Nilitaka kulia, sijui kwa nini. Nilimjua kwa chumvi.

Nimeelezwa yote, na nayaandika haraka kabla sijayasahau. Mtu asiye na fedha ya sadaka analeta alichovuna. Ibada ikiisha kinapigwa mnada hapa nje. Anayenunua hanunui kwa bei ya sokoni, anapandisha maana fedha inaingia kwenye kapu la kanisa. Na wengi wakishanunua hawaondoki nacho! Wanakirudisha kwenye nyasi kiuzwe tena. Kwa hiyo zile trei zote nilizoziona zikipanda, zikigombaniwa, zikanifanya nipige kelele nikila wali — ilikuwa trei moja. Inazunguka.

"Sisi tunaandika ukweli tu," mama Apolonia anasema. "App inauliza umenunua kwa bei gani. Basi mtu akinunua, anaandika. Nimewafundisha wote."

"Na kwa nini gulioni, mama?"

"Sasa kanisani hampo mle! Kuna sokoni, dukani, gulioni, shambani. Nikaona vitu viko chini kwenye majani, basi gulioni ndo inakaribia."

Ile orodha niliiandika mimi. Mimi mwenyewe, mwaka jana, kwa mikono hii! Niliwaza sehemu zote ambazo mtu anaweza kununua yai, nikafika nne, nikaridhika. Nimekulia Mbeya, makanisa kila kona, na Jumapili mchana mimi nipo nyumbani nakula wali.

"Na vocha, mama? Mbona hamchukui?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha aibu. "Vocha ya sadaka? Mtu utoe halafu urudishiwe?"

Kwa hiyo hakuna wizi. Hakuna roboti. Bosi wangu atakoma! Lakini pia hakuna gulio. Hakuna soko la mayai. Na Adamu yuko barabarani. Nimepiga. Haipatikani. Nimetuma ujumbe mara tatu: RUDI AU SHUSHIA MAYAI MAFINGA.

Mnada umeanza. Anayenadi ni mzee Danieli, mfupi, ana kipaza sauti cha mkononi na utani usioisha. Boga moja kalinadi kama anaozesha binti. Mara kanyanyua trei ya mayai, macho yakaja kwangu.

"Na huyu mgeni wetu wa mtandio wa bluu? Toka amefika anaandika tu kwenye simu! Hajambo huyo?"

Watu wakacheka. Nikanyoosha mkono kwa adabu, niseme bei moja niachwe. Mama mmoja akapandisha. Sijui nini kilinipata — nikapandisha juu yake! Akapandisha. Nikapandisha! Nimemsahau mpaka kaka yangu. Nikashinda. Vigelegele. Trei imewekwa mikononi mwangu, ina uzito, mayai ya kienyeji, mengine yana kinyesi bado.

"Unaondoka nayo au unairudisha?" mama Apolonia kaninong'oneza.

Nikairudisha. Ningefanyaje? Wakapiga makofi na Danieli akainadi tena.

"Haya, andika basi, mwanangu. Si ndo kazi yako?"

Nimeandika. Mayai, trei moja. Wapi? Nimetafuta mara mbili. Gulioni. Bei niliyotoa, ya kweli kabisa. Kisha nikafungua ubao. Mtumiaji 0012, Kihesa. Kitone changu kimewaka katikati ya vyao, na huwezi kukitofautisha. Mshale wa mayai Iringa umepanda tena kidogo. Bosi, roboti mwingine huyu hapa.

Simu. Adamu! Kasema amefuata ile ramani yangu mpaka mwisho. Kasema yuko kona ya shule. Nikasema Kaka, geuza, sikiliza, hapa ni kanisani. Hakusikiliza. Anafoka kwa furaha: "Naona watu, Saida! Naona vitu viko chini! Mbona ulinitisha hakuna gulio?" Imekatika.

Kenta imeingia getini.

Nimesimama juu ya ukingo wa maua ndiyo maana naona. Adamu yuko nyuma, amesimama kati ya trei zake, zimepangwa mpaka juu ya kichwa, kanzu nyeupe, vumbi la njia nzima usoni. Watu wote wamegeuka. Danieli kashusha jogoo aliyekuwa anamnadi.

"Haleluya!" — kwa kipaza. "Ndugu zangu! Mavuno yametufikia kwa gari!"

Vigelegele mpaka masikio yananiuma. Kwaya imeanza kuimba. Vijana wa kanisa wamefungua bodi la nyuma, wanapokezana trei, wanazipanga kwenye nyasi, taratibu, kwa heshima. Adamu anawasaidia! Anawaelekeza, hapa, hapa, polepole. Amepata wapi wapakuzi wa bure namna hii, anawaza, najua anavyowaza. Ameniona, kanipungia, kaweka dole gumba juu.

Najaribu kupita. Hakupitiki. Nimemwita, sauti yangu imezama kwenye wimbo. Danieli ameshanyanyua trei ya kwanza ya Adamu, na bei imeanzia pale ambapo kaka yangu aliota iishie. Wanapandisha. Adamu amejishika kichwa kwa mikono miwili, anacheka. Haoni kapu. Kapu liko nyuma ya Danieli, lina kitambaa cheupe, fedha inaingia humo.

Mama Apolonia ananishika kiwiko. Simu iko tayari mkononi, kidole juu ya Gulioni. Anataka nimsaidie jina: nani ametoa baraka hii yote, atangazwe?

Nimefungua mdomo. Lakini Danieli amewahi kuuliza kwa kipaza, uwanja mzima umenyamaza kusikia: "Mayai haya ameleta nani?"

Kaka Adamu amenyoosha mkono.